Mguu wa Kulia wa Bi Taratibu

Keki ya ngazi tatu hupakiwa na watu wawili, mmoja akienda kinyumenyume na mwingine akimwelekeza, na wakati huo hakuna anayeruhusiwa kupiga chafya. Asubuhi ile aliyeenda kinyumenyume alikuwa mwenye tanuri mwenyewe. Bi Taratibu, dereva wake, alikuwa ameshatandika sponji nyuma ya gari, juu yake akalaza kitambaa chenye unyevu ili sinia lisiteleze, na pembeni akapanga mito ya watoto. Keki ilipotua aliizunguka na kuikagua, akafumba jicho moja akaitazama tena kama mwashi anayepima ukuta, kisha akafunga mlango bila kuubamiza. Hakuwa mtu wa kubamiza milango.

Jina la Taratibu alipewa na watu wa barabarani. Waendesha baiskeli walimpita wakimpungia mkono, na kuna siku msafara wa mazishi ulimpigia honi awapishe. Hakujali. Alizoea kusema kwamba keki haina haraka, wenye haraka ni wanaoisubiri. Katika miaka yote aliyoendesha gari la keki, hakuna iliyoanguka, wala iliyolala upande, wala iliyodondosha hata ua moja la sukari, na mama mwenye binti wa kuozesha alimwulizia Bi Taratibu kabla hajauliza habari za ukumbi. Sasa zamu ilikuwa imemfikia mwenyewe. Binti yake wa pekee alikuwa ameposwa na harusi ilikuwa imekaribia. Mengine yote ya shughuli hiyo aliwaachia mashangazi wabishane. Yeye aliomba jambo moja tu: keki ya mwanawe aipeleke mwenyewe.

Gari lilipoanza kupanda kilima cha tangi la maji alikanyaga mafuta kidogo, na pedeli ikainama, ikakaa hukohuko chini. Aliondoa mguu. Pedeli haikuinuka. Gari lilimaliza kilima, likaanza kuteremka upande wa pili likiunguruma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Bi Taratibu aliwaona waendesha baiskeli wakirudi nyuma.

Hakupiga kelele, kwa sababu kelele hutikisa keki. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, mara moja, akaishikilia hapohapo. Hakuipigapiga, maana aliyemfundisha udereva alimwambia kwamba ukiipigapiga breki na huku injini inakimbia, itakuwa ngumu kama jiwe. Akatia nyutro. Injini ikapiga mayowe, naye akaiacha ipige, kwani injini iliyo kwenye nyutro hata ikilia mpaka ikauke haimpeleki mtu popote. Akawasha taa za dharura, akatazama kioo, akaliongoza gari pembeni. Ufunguo hakuugusa mpaka magurudumu yalipotulia, asije akajifungia usukani gari likiwa bado linatembea. Lilisimama mbele ya duka la magodoro, pua yake ikiegemea godoro la sita kwa sita lililowekwa nje kuvutia wateja. Alishuka akafungua nyuma. Ua moja la sukari lilikuwa limegeuka na kutazama upande mwingine. Aliligeuza kwa kidole, akaliomba radhi.

Keki ilifika salama. Lililovunjika njiani ni jina. Mji mzima ulikuwa umemwona Taratibu akikimbia, na kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imeshapikwa ikaiva: ana madeni, ana mwanamume, ameanza kulewa. Watoto wa mtaani kwake wakaanza kumwita Bi Haraka. Jambo hilo lilimuuma sana, akalia jikoni huku anakatakata vitunguu ili mumewe asiulize. Mwenye tanuri alimpenda dereva wake, ila keki alizipenda zaidi. Alimwekea chai, akamweleza kwa upole kwamba atapumzika kwanza, mpaka wakala wa kampuni ya magari alikague gari na kubandika stika yake kwenye kioo cha mbele.

"Na keki ya mwanangu?" Bi Taratibu aliuliza.

Mwenye tanuri alitazama ndani ya kikombe. "Hata hiyo, mwenzangu."

Ofisi ya wakala ilikuwa na sakafu inayong'aa, makochi laini na tangi la samaki. Meneja wake alikuwa mjomba wa bwana harusi, yuleyule aliyeongoza ujumbe wa posa, akazungumza kwa maneno matamu mpaka mume wa Bi Taratibu, fundi viatu asiyebembelezeka, akalegeza masharti mwenyewe. Alimpokea mgeni wake kwa mikono miwili, akamwita mkwe, akauliza hali ya kila mtu nyumbani mpaka paka. Hapo Bi Taratibu akajua kwamba kazi ipo. Mkwe haambiwi mwongo, na mkwe hapigiwi meza. Alisimulia yaliyompata kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Fundi wa gereji aliingia ndani ya gari, akaibonyeza pedeli kwa kidole, ikainuka. Akaibonyeza tena, ikainuka. Akasema gari ni zima. Meneja alitikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari mwenye majibu.

"Kuanzia pedeli mpaka magurudumu tumekagua kila kitu, mkwe. Kilichobaki ni mguu."

Bi Taratibu alisema mguu ulikuwa kwenye breki. Meneja alijibu kwamba hana shaka na neno lake hata kidogo, na ndiyo sababu wataufanyia mguu huo uchunguzi kamili, bure, kama ilivyo haki ya mteja. Ila kifaa chenye mashaka hakiruhusiwi kuendelea kutumika. Hubaki gereji.

Fundi alivuta kigoda, akaushika mguu wa kulia juu kidogo ya kifundo, akauzungusha kama mfuniko wa chupa ya jemu, ukatoka. Haukuuma. Ulitoa mlio mdogo wa kizibo na kuacha ubaridi. Bi Taratibu akaulizwa kama ataacha na kiatu. Kiatu alikichukua kwa sababu kilishonwa na mumewe, lakini soksi aliiacha, soksi ya buluu aliyofumiwa na binti yake, mguu usije ukapata baridi kwa watu. Kisha fundi akaleta mguu wa muda kutoka kabatini, maana kampuni haikubali mteja wake atoke akirukaruka. Ulikuwa mguu wa mwanamume, mpana, wenye kisigino kilichopasuka na kucha ya dole gumba iliyogawanyika katikati. Uliingia vizuri. Meneja alimsindikiza mpaka mlangoni na kumwomba asiuloweshe sana.

Fundi viatu alikuwa akiutambua mguu wa mkewe hata kwa mlio wake barazani. Siku hiyo alisikia mguu mmoja wa mkewe na mmoja wa mtu asiyemfahamu. Aliweka nyundo chini.

"Wa nani huo?"

"Wa kampuni."

"Kampuni haina kucha mbovu namna hiyo."

Aliupima kwa utepe wake, akakunja uso, akashona kiatu kimoja kikubwa cha kulia bila kuuliza rangi. Usiku alitia mto katikati ya kitanda na kuutaka mguu ule ulale nje ya blanketi. Alisema alioa mwanamke mzima, hakuoa mguu wa mtu. Bi Taratibu alimwambia kwamba mguu huo si wake, ni wa muda, na fundi viatu akajibu kwamba hata wezi ni wa muda.

Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu fundi viatu aliuweka mguu ule kwenye cherehani yake ya ngozi, ile ya kukanyaga, akamwomba mkewe amsaidie mshono. Mguu ulikanyaga kwa utulivu, bila pupa, ukipunguza kwenye kona na kuachia mahali pa kuachia. Hajapata kuwa na msaidizi kama huyo. Alisimamisha kazi akauinua, akautazama kisigino kwa muda mrefu.

"Huyu ni dereva," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na heshima. Usiku ule aliuruhusu uingie ndani ya blanketi, ila upande wa ukutani.

Jioni ya pili yake, wakati watu wanarudi kutoka makazini, mguu uliinuka wenyewe na kuelekea mlangoni. Wa kushoto ulisita, kisha ukafuata. Fundi viatu akauliza safari ya wapi. Bi Taratibu alimjibu kwamba yeye hajui, anayejua ni mguu. Mumewe alivaa viatu akasema kama anamfuata mwanamume, basi watamfuata wote wawili.

Mguu uliwapitisha sokoni, ukakata kona nyuma ya kiwanda cha sabuni, ukaingia uchochoro mwembamba na kusimama mbele ya nyumba yenye ngazi tatu. Ngazi ya pili ilikuwa imelegea. Mguu uliiruka bila kuambiwa. Mwanamke aliyefungua mlango hakuwatazama usoni, alitazama chini.

"Umerudi," aliuambia mguu. Kisha akainua macho. "Karibu, dada. Nisamehe, nilikuwa namsalimia mume wangu."

Akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti, akauosha mguu ule polepole, akipitisha kidole kwenye ule ufa wa kucha na machozi yakimtiririka. Alikuwa ameukumbuka kuliko alivyowahi kumwambia mwenye mguu. Bi Taratibu alisikia kila kitu kwenye unyayo, akatazama dari kwa heshima. Fundi viatu naye akatazama dari.

Mwenye mguu aliingia akitoka uani. Alikuwa dereva wa teksi, bonge la mtu, na chini ya suruali yake ya kulia palichungulia mguu mdogo laini wenye rangi nyekundu kwenye kucha. Gari lake lilikuwa la aina ileile, na pedeli yake ilikwama karibu na uwanja wa mpira. Naye alikanyaga breki. Naye akaambiwa kilichobaki ni mguu. Huu aliopewa ulikuwa wa muuguzi mmoja, ambaye pedeli yake ilikwama akienda kazini, na kila alfajiri ulimwamsha na kumpeleka wodini. Humo alizunguka vitanda vyote mpaka wampe chai ndipo umrudishe. Alisema wagonjwa wameshamzoea. Kuna mzee mmoja hakubali kumeza dawa mpaka yeye afike. Muuguzi mwenyewe alikuwa na mguu wa mwalimu wa kwaya, mwenye gari kama lao, na wodi nzima ilikuwa imejua nyimbo.

Tangu abiria wamkimbie, dereva wa teksi alikuwa na muda mwingi wa kusikiliza redio. Alikuwa amesikia kwamba kule magari haya yanakotengenezwa, kampuni ilikwisha kuwaita wenye magari wote, ikawaomba radhi na kuwabadilishia pedeli bila malipo. Waliitwa walioyanunua yakiwa mapya. Magari ya huku yalikuja yakiwa yameshatumika, yana mikwaruzo ya watu na mchanga wa fukwe za watu, na wito ulikuwa umewaendea hao watu.

"Kule wameita magari," alisema. "Huku wameita miguu."

Mkewe alikuwa bado ameushika mguu kwa taulo. Ilibidi fundi viatu akohoe mara kadhaa ndipo auachie.

Siku iliyofuata walikwenda kwa wakala wote wanne: Bi Taratibu na mumewe, dereva wa teksi, na muuguzi, ambaye mguu wake wa kulia ulipiga mdundo njia nzima. Meneja aliwakaribisha, akaagiza soda, akasema amefurahi kuona wateja wanafahamiana. Walipoomba kuiona miguu iliyobaki gereji hakusita hata kidogo. Alikuwa na fahari na jinsi inavyotunzwa. Aliwaingiza kwenye chumba chenye kivuli, akavuta pazia.

Ilikuwa imepangwa kwenye rafu, miguu ya kulia mitupu, ya wanaume na ya wanawake, imefutwa vumbi na kupakwa mafuta. Bi Taratibu aliutambua wake kwa soksi ya buluu, akafarijika. Nje lori la mchanga lilibadilisha gia na kuunguruma. Miguu yote, kuanzia mwanzo wa rafu hadi mwisho, ilisogea kushoto kwa pamoja na kukanyaga kwa nguvu. Lori lilipopita, ikaachia, ikarudi mahali pake.

"Huwa inafanya hivyo," Meneja alisema. "Mwanzoni ilitupasulia mbao. Rafu hii tumeiagizia mbao ngumu."

"Inakanyaga breki," alisema dereva wa teksi.

"Ndiyo, na inakanyaga vizuri sana. Ndiyo maana nimefurahi mmekuja. Uchunguzi umekwisha, miguu yote ni mizima."

Muuguzi alipiga makofi. Fundi viatu alimshika mkewe bega. Dereva wa teksi, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale ndani na hivyo mdomo wake ulikuwa huru, alisema kwamba basi yamekwisha, tatizo ni pedeli, na wabadilishiwe kama walivyobadilishiwa wenzao wa kule.

Meneja hakukwepa. Alisema pedeli ya kule ilikuwa mbovu kweli, kampuni imeshakiri. Dereva wa teksi akasema ya huku ni ileile.

"Ni ileile," Meneja alikubali. "Ila ya huku haijakiriwa, kwa hiyo ni nzima. Kilichobaki sasa ni mguu wa kushoto."

Samaki walisikika kule mapokezi wakipuliza mapovu yao. Muuguzi akaeleza, kwa sauti anayotumia kwa wagonjwa wabishi, kwamba magari haya hayana klachi. Mguu wa kushoto unakaa tu, hauna kazi.

"Ndiyo maana tunaushuku," alisema Meneja. "Mguu usio na kazi utajuaje unafikiria nini?"

Fundi viatu alinung'unika jambo kuhusu kesi ya nyani kupelekewa ngedere, lakini alilinung'unikia soda yake. Bi Taratibu alikuwa na hasira kiasi kwamba mguu wa dereva wa teksi ulitetemeka chini yake. Neno lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi, neno fupi, na angelitamka lingemtosha maisha yake yote. Akamfikiria mwanawe. Mwanawe ataishi na watu hawa, atakaa kwenye misiba yao na kubeba watoto wao, na mjomba mtu ataulizwa kila siku mama wa yule msichana alimwambia nini mbele ya wateja. Alilimeza neno. Lilishuka kwa shida, kama kidonge bila maji.

"Nikiuacha wa kushoto," aliuliza, "wa kulia na stika napata leo?"

"Leo hii hii, mkwe."

Dereva wa teksi alimgeukia. "Dada, ukikubali wewe, sisi wote tumekwisha."

"Najua," alisema Bi Taratibu. "Lakini nina keki Jumamosi."

Dereva wa teksi alirudi nyuma hatua moja, akampisha. Naye alikuwa na mabinti.

Basi wa kushoto ukatoka, na soksi yake, pacha wa ile ya kulia, kwa mlio uleule wa kizibo. Wa kulia ulirudishwa kwake, ukaingia kama mtu anayeingia kitandani mwake baada ya safari, na mwenye teksi naye akapata wake, na muuguzi akapata wake. Tatizo lilikuwa dogo tu. Kabati la miguu ya muda halikuwa na mguu wa kushoto hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuacha. Bi Taratibu akatiwa upande wa kushoto mguu wa kulia wa mteja fulani aliyehama bila kuaga. Meneja alimwomba atembee kidogo aone. Alitembea akielekea zaidi upande mmoja, akafika kwenye tangi la samaki badala ya mlangoni, lakini alifika.

Fundi viatu alimshonea mkewe viatu vyeupe vya harusi, vyote viwili vya kulia. Alivishona kwa ngozi aliyokuwa ameificha miaka mingi, akakaa navyo mpaka nyuzi zikalingana, na kazi nzima hakusema neno. Ndivyo anavyolia yeye.

Jumamosi keki ilikuwa ya ngazi nne. Mwenye tanuri alikwenda kinyumenyume akiwa amefumba macho. Alipoiona stika kwenye kioo cha mbele alisema sasa roho yake imetulia, akampa Bi Taratibu ufunguo kwa mikono miwili. Sponji, kitambaa, mito. Fundi viatu alikaa kiti cha mbele amevaa suti, akishikilia mkanda. Waliondoka kwa mwendo uliowafanya waendesha baiskeli wapunge mikono tena, na Bi Taratibu akaupokea kila mkono uliopungwa kama mtu anayelipwa haki yake. Alikuwa na furaha. Aliimba kidogo.

Pedeli ilikwama mahali palepale, kilima cha tangi la maji. Injini iliponguruma, mguu wa kulia uliokuwa kulia na mguu wa kulia uliokuwa kushoto iliruka yote miwili kwenye breki kwa wakati mmoja, ikasukumana kidogo kama watu wawili kwenye mlango mmoja, kisha ikapatana na kukanyaga. Gari halijawahi kushikwa breki namna ile. Nyutro. Taa za dharura. Kioo. Lilishuka kilima likipiga mayowe huku linatambaa, likaserereka taratibu mpaka kwenye lango la ukumbi, na hapo ndipo alipozima. Wageni waliokuwa nje walidhani ngurumo ile ni ya heshima, wakapiga makofi na vigelegele. Fundi viatu alishuka akashika nguzo ya lango akajifanya anaikagua.

Binti alitoka mbio na shela lake mkononi. Alifungua nyuma ya gari kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakuna ua lililogeuka. Akamkumbatia mama yake, akamlazia kichwa begani.

"Umekuja haraka, mama."

"Mimi nimekuja taratibu, mwanangu. Mwenye haraka ni gari."

Wakati wa hotuba alisimama Meneja kwa niaba ya upande wa bwana harusi. Alizungumza vizuri kama siku ile ya posa. Aliwashukuru wazazi kwa malezi. Alisema keki wanayoiona imeletwa na mkwe wake mwenyewe, ambaye watu walishaanza kumsema vibaya, lakini kampuni haikumtupa, ilimtibu mguu, na leo wote ni mashahidi kwamba mguu umepona. Ukumbi ukashangilia. Bi Taratibu aliinuka akapunga mkono, akiwa amesimama juu ya viatu vyake viwili vya kulia, na tabasamu lake lilikuwa la mtu anayebeba keki kwenye barabara ya mashimo.

Hapo umeme ukakatika, na jenereta la ukumbi likawashwa nyuma ya ukuta. Lilinguruma. Chini ya meza, huku na kule ukumbini, miguu ya kulia ilisogea kushoto na kukanyaga sakafu: wa muuguzi, wa mwalimu wa kwaya, wa watu ambao hata Bi Taratibu hakujua kwamba wana magari yale. Waliokaa jirani nao walisogeza viti ili kuwapa nafasi. Mguu wa Meneja nao ulihamia kushoto ukakanyaga, ukakaa hivyo mpaka jenereta lilipotulia. Alisema samahani, kama mtu aliyepata kwikwi, akaendelea na hotuba.

Jumatatu gari lilipelekwa kwa wakala. Fundi aliibonyeza pedeli kwa kidole, ikainuka. Akaibonyeza tena, ikainuka. Dereva wa teksi alishikilia msimamo wake muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, lakini abiria siku hizi huangalia stika kwanza, na mwishowe akaja na wa kushoto wake umefungwa kwenye taulo la mkewe. Mwenye tanuri ameongeza mito. Watoto wa mtaani kwake wamerudia jina la zamani, na kila siku ya harusi mji unaliona gari la keki likishuka kilima cha tangi la maji polepole, linapiga mayowe.

Rafu ya pili, ya miguu ya kushoto, imeshajaa nusu. Wa Bi Taratibu uko mwanzoni kabisa, na soksi yake ya buluu. Malori ya mchanga hupita nje na kunguruma, nao hausogei. Katika gari lile haukuwahi kukanyaga kitu chochote. Fundi wa gereji amewekewa kiti mbele yake, na ameambiwa aendelee kuuangalia.